Jini wa Maxwell: Joto, Habari na Mantiki

Kanuni ya pili ya thamodinamiki ndiyo inayoeleza kwa nini chai iliyoachwa mezani hupoa na haijipashi moto yenyewe. Chimbuko lake ni kitabu kidogo kuhusu injini za mvuke kilichotolewa mwaka 1824 na mhandisi kijana wa Ufaransa, Sadi Carnot. Alionyesha kwamba injini, hata iundwe kwa ustadi wa namna gani, haiwezi kuendeshwa kwa joto peke yake. Lazima ipate sehemu ya moto na sehemu ya baridi, na kazi inayoweza kupatikana ina kikomo kinachotokana na halijoto za sehemu hizo mbili. Kitabu hakikupata wasomaji, na mwandishi wake alifariki kwa kipindupindu mwaka 1832 akiwa na umri wa miaka 36. Hoja zake zilifufuliwa miaka ya 1850 na 1851 na Rudolf Clausius wa Ujerumani na William Thomson wa Glasgow, ambao ndio walioipa kanuni sura yake. Mwaka 1865 Clausius akabuni jina entropia kwa kile kipimo ambacho, katika mfumo uliotengwa na vingine vyote, hubaki pale pale au huongezeka, lakini hakipungui.

Katika hali hiyo ndipo alipoingia James Clerk Maxwell, mzaliwa wa Edinburgh. Tayari alikuwa ameonyesha kwamba molekuli za gesi yenye halijoto moja haziendi kwa kasi moja: zipo za mbio, zipo za polepole, na halijoto ni wastani tu wa mwendo wao. Tarehe 11 Desemba 1867 alimwandikia rafiki yake Peter Guthrie Tait barua yenye wazo dogo la hatari. Chukua chombo cha gesi, ukigawanye kwa ukuta wenye tundu moja. Kwenye tundu weka kiumbe mwenye macho makali na mikono myepesi, anayefungua na kufunga kilango kisicho na uzito. Molekuli ya mbio ikija kutoka kushoto, anaipisha kwenda kulia. Ya polepole ikija kutoka kulia, anaipisha kwenda kushoto. Baada ya muda upande mmoja utakuwa wa moto na mwingine wa baridi, na kazi haikufanyika. Tofauti hiyo ya halijoto inatosha kuendesha injini, na kanuni ya pili itakuwa imevunjwa.

Maxwell alilichapa wazo hilo katika kitabu chake cha nadharia ya joto mwaka 1871. Miaka mitatu baadaye Thomson alimwita kiumbe huyo jini katika jarida la Nature, na jina likakwama, ingawa Maxwell mwenyewe aliona heri aitwe vali. Nia yake haikuwa kutafuta injini ya bure. Alitaka kuonyesha kwamba ukweli wa kanuni ya pili ni wa kitakwimu: unashika kwa sababu molekuli ni nyingi mno na hakuna anayezishughulikia moja moja. Waliomfuata waliuacha mtazamo huo wa staha na kulichukua fumbo kama shauri linalodai hukumu. Ikiwa jini hawezi kufanya kazi yake, basi ni kitu gani hasa kinachomzuia? Jibu lilichukua zaidi ya miaka 100.

Vita ya kwanza ilipiganwa Vienna, na jini hakuwamo. Ludwig Boltzmann alitaka kuitoa kanuni ya pili katika mwendo wa molekuli zenyewe. Mwaka 1872 alidhani amefaulu. Mwaka 1876 mwenzake Josef Loschmidt akamkumbusha kwamba sheria za mwendo hazibagui mbele na nyuma: ukigeuza kasi za molekuli zote, gesi itarudi ilikotoka na entropia itapungua. Boltzmann akajibu mwaka 1877 kwa wazo lililobaki kuwa mhimili wa fizikia ya joto. Entropia inahesabu ni kwa njia ngapi molekuli zinaweza kupangika huku gesi ikionekana kwa nje vile vile. Hali za mchanganyiko zina njia nyingi kupita kiasi kuliko hali za mpangilio, kwa hiyo mfumo huelekea huko kwa uwezekano, si kwa amri. Mlingano wake, S = k log W, umechongwa juu ya kaburi lake katika makaburi makuu ya Vienna.

Mwaka 1896 alitokea mpinzani mwingine, Ernst Zermelo, msaidizi wa Max Planck mjini Berlin. Akitumia matokeo ya hisabati ya Henri Poincaré, alidai kwamba mfumo uliofungwa utarudi karibu na hali yake ya mwanzo ukipewa muda wa kutosha, hivyo entropia haiwezi kupanda milele. Boltzmann alikiri kuwa hisabati ni sahihi, ila muda unaotakiwa ni mrefu kupita kiasi chochote chenye maana. Zermelo aliachana na gesi. Mwaka 1908 aliandika aksiomu za nadharia ya seti ambazo, zikiwa zimerekebishwa, ndizo msingi wa hisabati hadi leo. Mtu mmoja alikuwa amesimama katika nyanja mbili zilizoonekana hazina undugu, na bado miongo kadhaa ilipita kabla undugu wenyewe haujajulikana.

Jini alishughulikiwa kwanza kama chombo. Mwaka 1912 mwanafizikia wa Kipolandi Marian Smoluchowski aliuliza kama mlango wenye springi, unaofunguka upande mmoja tu, ungeweza kufanya kazi ya jini bila jini. Jibu lake lilikuwa hapana. Mlango mwepesi kiasi cha kusukumwa na molekuli moja hupata joto lile lile la gesi, na joto hilo huutikisa hata ukafunguka ovyo. Kuhusu kiumbe mwenye akili, Smoluchowski aliacha mlango wazi.

Aliyeingia humo ni Leo Szilárd, mzaliwa wa Budapest aliyesoma Berlin na kuzoeana na Albert Einstein. Makala yake katika jarida la Zeitschrift für Physik mwaka 1929 ni fupi, na inastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Szilárd aliitupa gesi yote akabakiza molekuli moja ndani ya silinda. Silinda inagusana na chanzo cha joto kisichobadilika. Hatua ya kwanza, ukuta mwembamba unashushwa katikati, na molekuli inanaswa upande mmoja. Hatua ya pili, mwendeshaji anatazama ni upande upi. Hatua ya tatu, akishajua, anaugeuza ukuta kuwa pistoni na kuufunga uzito upande unaofaa. Molekuli inagonga pistoni, inaisukuma hadi mwisho na kuinua uzito, huku ikijazwa nishati na chanzo cha joto. Mwishoni molekuli imo ndani ya silinda nzima kama mwanzo. Mzunguko umekamilika, joto limegeuka kazi, na hakuna sehemu ya baridi iliyohitajika.

Faida ya mzunguko mmoja ni kT ln 2, ambapo k ni kipimo kisichobadilika cha Boltzmann na T ni halijoto. Lakini faida hiyo haipatikani bila kujua molekuli iko wapi. Asiyejua ataufunga uzito upande usio sahihi nusu ya mara zote, na hatapata kitu. Szilárd akahitimisha kwamba, kama kanuni ya pili ni kweli, basi kule kupima na kukumbuka lazima kuzalishe entropia isiyopungua k ln 2. Ujuzi, jambo lililodhaniwa kuwa la moyoni na akilini, ulikuwa umepewa bei kwa vipimo vya fizikia. Hesabu ilikuwa ya jibu moja kati ya mawili, kushoto au kulia, miaka 19 kabla ya jibu la namna hiyo kuitwa biti.

Wakati huo huo wanamantiki walikuwa na hangaiko lao. Mwaka 1928 David Hilbert na Wilhelm Ackermann walitaka ipatikane njia ya hakika ya kuamua, kwa sentensi yoyote ya mantiki, kama ni halali au la. Mwaka 1931 Kurt Gödel, akiwa Vienna, alithibitisha kwamba mfumo wowote wa aksiomu usiojipinga, unaoweza kubeba hesabu za kawaida na ambao aksiomu zake zinaweza kuorodheshwa, una sentensi usizoweza kuzithibitisha wala kuzikanusha. Mwaka 1936 Alonzo Church nchini Marekani na Alan Turing wa Cambridge, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kuwa njia aliyoitamani Hilbert haipo.

Ili kufika huko, Turing alihitaji kwanza kusema kukokotoa ni nini. Alibuni mashine ya kufikirika: utepe mrefu usio na mwisho uliogawanywa vyumba, na kichwa kinachosoma alama ya chumba kimoja, kinachoifuta au kuandika nyingine, kisha kinasogea hatua moja. Chochote kinachoweza kukokotolewa kwa kanuni kinaweza kukokotolewa na mashine hiyo, na yapo maswali ambayo hakuna mashine ya namna hiyo itakayoyajibu yote. Turing hakuwa akifikiria joto. Hata hivyo, miongoni mwa matendo aliyoiruhusu mashine yake lilikuwamo lile la kufuta, na kwa miaka 25 hakuna aliyeuliza kufuta kunagharimu nini.

Daraja kati ya mantiki na vyuma lilijengwa na Claude Shannon. Katika tasnifu yake ya mwaka 1937 huko MIT alionyesha kuwa saketi za swichi zinafuata aljebra ya mantiki ya George Boole: swichi mbili zilizofuatana ni "na", zilizo sambamba ni "au". Mwaka 1948, akiwa Bell Labs, alichapa nadharia yake ya hisabati ya mawasiliano. Kipimo chake cha habari kilikuwa na sura ile ile ya entropia katika fizikia ya Boltzmann, tofauti ikiwa ni kizio tu. Shannon akakiita entropia.

Mwaka huo huo Norbert Wiener alitoa kitabu kilichoipa jina sibanetiki, elimu ya udhibiti na mawasiliano katika viumbe na mashine. Jini wa Maxwell amo katika sura ya pili. Wiener aliona kwamba jini ni mpokeaji wa habari anayetenda kutokana na habari hizo. Kwa hiyo yeye naye ni sehemu ya mfumo, ana halijoto, na mwishowe atatikiswa hadi achanganyikiwe. Lakini kabla ya kuchanganyikiwa anaweza kufanya kazi kwa muda, na Wiener alidhani huenda vimeng'enya vya mwilini ni majini ya namna hiyo. Mikutano ya Macy iliyofanyika kati ya 1946 na 1953 iliwaweka meza moja wahandisi, wanabiolojia, wanahisabati na wanaanthropolojia, na kutoka humo sayansi ya mifumo ikapata sauti. Ludwig von Bertalanffy alisisitiza kwamba kiumbe hai ni mfumo wazi: hupunguza entropia yake kwa kula na kutoa taka. W. Ross Ashby, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alieleza kwamba mdhibiti hawezi kuzuia misukosuko ya aina nyingi kuliko aina za matendo aliyo nayo mwenyewe. Jini ni mdhibiti wa aina hiyo hasa. Ukimtoa nje ya hesabu, hakuna ajabu entropia ikionekana kupungua.

Mchango wa wanamifumo haukuwa fomula mpya ya joto. Walilazimisha mpaka wa mfumo uchorwe wazi, jambo ambalo wanafizikia walikuwa wakiliruka.

Mwaka 1951 Léon Brillouin, Mfaransa aliyehamia Marekani, alidhani amelimaliza fumbo. Ndani ya chombo chenye halijoto moja kuna mnururisho wa aina moja kila upande, na jini haoni kitu. Ili aone molekuli anahitaji tochi yenye mwanga mkali kuliko mnururisho huo, na mwanga huo ukitawanyika huzalisha entropia nyingi kuliko ile anayoiokoa. Dennis Gabor alifikia hoja ya jinsi hiyo kwa njia yake. Maelezo hayo yaliingia vitabuni na kukaa huko kwa miaka 30. Ubovu wake ni kwamba yanahusu tochi. Hakuna aliyethibitisha kuwa lazima kupima kufanyike kwa mwanga, na hoja isiyoweza kuvuka chombo kimoja haiwezi kuwa sababu ya kanuni inayotawala vyombo vyote.

Jibu lilitoka katika maabara za kampuni ya kompyuta. Rolf Landauer, mzaliwa wa Stuttgart aliyefanya kazi IBM, alitaka kujua kompyuta inalazimika kutoa joto kiasi gani. Makala yake ya mwaka 1961 inatofautisha matendo ya mantiki yanayoweza kurudishwa nyuma na yasiyoweza. Tendo la "si" hurudishika: ukipata 1 unajua iliingia 0. Tendo la "na" halirudishiki: jibu likiwa 0, huenda ziliingia 0 na 0, au 0 na 1, au 1 na 0, na hakuna wa kukuambia. Kufuta biti, yaani kuifanya iwe 0 bila kujali ilikuwa nini, ndiko kusikorudishika kuliko kote, kama ubao wa darasani ambao ukishapanguswa hauonyeshi lililoandikwa asubuhi. Lakini sheria za msingi za fizikia hazipangusi. Hali mbili tofauti haziwezi kugeuka moja kabisa. Tofauti yao lazima ikimbilie mahali, na mahali penyewe ni mazingira, kwa sura ya joto. Kwa biti moja joto hilo halipungui kT ln 2. Katika halijoto ya kawaida ya chumba ni takriban jouli 3 zilizogawanywa kwa 1 yenye sifuri 21.

Landauer alidhani matendo yasiyorudishika hayaepukiki katika ukokotoaji wenye manufaa. Mwenzake wa IBM, Charles Bennett, alionyesha mwaka 1973 kwamba yanaepukika. Mashine ya Turing inaweza kuandika kumbukumbu ya kila hatua kwenye utepe wa pili, ikanakili jibu kwenye utepe mtupu wa tatu, kisha ikarudi kinyumenyume hatua kwa hatua, ikizitengua kumbukumbu zote hadi utepe wa pili uwe mtupu tena. Jibu linabaki, takataka haibaki, na hakuna kilichofutwa. Yves Lecerf wa Ufaransa alikuwa amechapa ujenzi unaofanana mwaka 1963, ila haukusikika. Edward Fredkin na Tommaso Toffoli wakabuni milango ya mantiki yenye idadi sawa ya maingilio na matokeo, inayoweza kufanya hesabu zote bila kupoteza biti hata moja.

Mwaka 1982 Bennett aliyarudisha haya yote kwa jini. Kupima, alisema, si lazima kugharimu: kunakili hali ya molekuli kwenye kumbukumbu iliyo tupu ni tendo linalorudishika, na linaweza kufanywa kwa joto dogo kadiri mtu atakavyo. Kuisukuma pistoni vilevile. Lakini mzunguko wa Szilárd haujakamilika molekuli inaporudi mahali pake. Kumbukumbu ya jini bado ina maandishi, "kushoto" au "kulia", na kabla ya mzunguko unaofuata lazima isafishwe. Hapo ndipo anapolipa kT ln 2, sawasawa na alichovuna. Jini hashindwi kwa kuona. Anashindwa kwa kulazimika kusahau. Asiposahau, kumbukumbu inajaa, na entropia aliyoitoa kwenye gesi anakuwa amejitwika mwenyewe. Oliver Penrose, mwanahisabati wa Uingereza, alikuwa ameligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1970, lakini ni hoja ya Bennett iliyoenea.

Kulibaki ujanja mmoja. Je, jini akiyafupisha maandishi yake kabla ya kuyafuta? Tuseme katika mizunguko 1,000 molekuli ilikuwa kushoto mara zote: maandishi hayo yanasemeka kwa maneno machache, na ada ya kufuta ni ndogo. Wojciech Zurek alilichunguza swali hilo mwaka 1989 kwa kutumia nadharia iliyoanzishwa na Ray Solomonoff, Andrei Kolmogorov na Gregory Chaitin katika miaka ya 1960, ambayo hupima urefu wa programu fupi kuliko zote inayoweza kuandika mfuatano fulani. Aliona kwamba entropia kamili ya mfumo ni jumla ya mambo mawili: yale jini asiyoyajua, na urefu wa maelezo mafupi zaidi ya yale anayoyajua. Kila anapopunguza la kwanza anarefusha la pili, na kwa wastani hapati faida. Zaidi ya hapo, hakuna njia ya jumla ya kuipata programu fupi kuliko zote, na sababu ni ile ile aliyoithibitisha Turing mwaka 1936. Hangaiko la Hilbert lilikuwa limefika hadi kwenye pistoni ya Szilárd.

Si wote walioridhika. John Earman na John Norton, wanafalsafa wa sayansi wa Pittsburgh, walidai katika makala za 1998 na 1999 kwamba kila anayemfukuza jini ananaswa kati ya mambo mawili. Akichukulia kwamba jini ni mfumo wa kawaida unaotii kanuni ya pili, basi amekwisha kumshinda kabla ya kutaja habari. Asipochukulia hivyo, hana sababu ya kuiamini bei ya kufuta. Hoja hiyo ni nzito, na watetezi wa Landauer huijibu kwa kukiri kwamba bei hiyo kwa kweli ni sura nyingine ya kanuni ya pili, lakini ni sura inayoonyesha mahali pa kutazama.

Kutazama kukawezekana. Mwaka 2010 watafiti wa Japani waliendesha mtambo wa aina ya Szilárd kwa chembe ndogo ndani ya umajimaji, wakiisogeza juu kwa kutumia habari za mahali ilipo. Mwaka 2012 Antoine Bérut na wenzake huko Lyon walipima bei ya kufuta. Punje ya silika yenye kipenyo cha mikromita 2 ilizamishwa majini na kushikwa na miale ya leza katika mabonde mawili: bonde la kushoto lilihesabiwa 0, la kulia 1. Kizuizi kati ya mabonde kilipunguzwa, punje ikasukumwa polepole upande mmoja, kizuizi kikarudishwa. Kokote ilikoanzia, punje iliishia bonde moja, biti imefutwa. Zoezi lilirudiwa mara nyingi na joto lililotoka likahesabiwa kutokana na njia iliyopita punje. Lilipofanywa haraka, joto lilikuwa jingi. Lilipofanywa polepole zaidi, wastani ulishuka ukaikaribia kT ln 2 na kukomea hapo. Miaka miwili baadaye watafiti wa Finland walitengeneza injini ya Szilárd kwa elektroni moja.

Viwandani kiwango hicho bado kiko mbali. Kompyuta za kwantamu hutumia milango inayorudishika kwa asili yake, lakini kusahihisha makosa ndani yake kunahitaji biti zifutwe tena na tena, na ada ya Landauer hurudi kwa mlango wa nyuma. Kompyuta za kawaida, kwa kila tendo la mantiki, hutoa joto linaloizidi ada hiyo maelfu ya mara.